Ndege wa Sibiloi na kalenda tatu zisizojuana

Mara ya kwanza nafika Sibiloi, mbuga iliyo kando ya Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, ilikuwa Februari, na kila niliyemwambia alinicheka kwamba nimechagua vibaya. Februari kule kaskazini ni kiangazi cha kweli, mawe yanachoma hadi kwenye soli ya kiatu, mbuzi wamebaki mbavu, majani hakuna, na kila anayejifanya anajua mambo ya ndege atakwambia nenda wakati wa mvua ndo utawaona. Basi nikashuka ufukweni pale Koobi Fora kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa sitarajii kitu, nikaweka darubini machoni, na nikaona tope linatembea. Yaani ufuo wote mweusi wa tope ulikuwa unasogea kidogokidogo kulia, alafu kushoto, alafu ukainuka angani mzima mzima ukageuka ukawa mweupe. Kumbe ni vitwitwi, ndege wadogo wa ukingoni mwa maji, tena sio mia wala mia mbili, nilijaribu kuhesabu nikaacha.

Mwaka uliofuata nikajifanya mjanja, nikasema kama Februari kavu kuko hivi, Julai si nitazimia. Nikaenda Julai mwishoni. Ufuo ulikuwa mtupu, labda viboko watatu, mamba mmoja amepanua mdomo na ndege wachache wa kudumu wanazubaa. Mvua hakuna, wingu hakuna kwa wiki kadhaa, lakini ziwa lilikuwa linapanda! Renja mmoja alikuwa amechomeka kijiti ukingoni, akanionyesha maji yameshakipita, nikamuuliza haya maji yametoka wapi na mbingu ni kavu hivi, akanijibu kwa utulivu kabisa, "Hiyo ni mvua ya Ethiopia, ya kwetu ilishapita." Nikamuuliza na ndege je, akasema, "Wale wako kwao, watarudi."

Hayo majibu mawili ndo makala yangu yote, nimekaa nayo muda mrefu nikisoma na kuuliza hadi nikaelewa kitu ambacho nadhani wengi wetu tunakikosea. Tunapouliza majira ya ndege kwenye jangwa tunadhani kuna majira mamoja, mvua na kiangazi, basi. Sibiloi kuna kalenda tatu zinazoenda kwa pamoja na hazijuani hata kidogo. Moja inaandikwa na wingu la hapo hapo, ya pili inaandikwa kwenye milima ya Ethiopia, ya tatu inaandikwa na jua la nchi za baridi huko kaskazini mwa dunia, karibu na ncha. Kila ndege unayemwona pale amechagua moja kati ya hizo, au mbili, na kuna mmoja amekataa zote, nitamfikia.

Kwanza mahali penyewe, kwa haraka. Sibiloi ni mbuga ya taifa upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, ilianzishwa 1973 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,570. Watu wengi wanaijua kwa mafuvu na mifupa ya binadamu wa kale, lile fuvu maarufu la namba 1470 aliliokota Bernard Ngeneo mwaka 1972 huko huko, na kwa sababu hiyo wageni wengi wanaokuja huwa wameinamisha vichwa wanatazama chini, juu hawatazami. Ukitoka Marsabit unapita Maikona, unapita jangwa la Chalbi ambalo ni jeupe kwa chumvi, unafika North Horr, alafu unaanza kuuliza kama gari lako lina roho. Mvua kwa mwaka mzima haifiki milimita 250 sehemu nyingi za huko, na upepo wa kusini mashariki haupumziki, ni upepo ule ule ambao umefanya waweke mitambo 365 ya umeme kule chini karibu na Loiyangalani. Hewa inabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kama maji kwenye bomba, inapita mbio na haibaki kutengeneza wingu, kwa hiyo wingu likija linapita tu kusalimia.

Sasa katikati ya ukavu huo kuna ziwa la urefu wa karibu kilomita 250. Ndo ziwa kubwa kuliko yote duniani ambalo liko jangwani na halikauki. Maji yake yana magadi, ukinywa utajuta kidogo lakini utaishi, hayatoki kwenda popote, njia yao ya kutoka ni moja tu, kupanda juu kwa jua. Bila kuelewa hilo ziwa huwezi kuelewa ndege wa pale.

Tuanze na kalenda ya kwanza, ya mvua ya nyumbani, kwa sababu ndo tunayoijua. Waborana na Wagabra wanaita mvua kubwa Ganna, inakuja kati ya Machi na Mei, na ile ndogo wanaiita Hagaya, inakuja Oktoba hadi Novemba ikitaka. Ikitaka, nasisitiza hapo, kwa sababu kuna mwaka Ganna inakuwa siku nne na kuna mwaka Hagaya haiji kabisa. Ndege anayefuata kalenda hii hawezi kupanga, anabaki tayari tu kama mtu wa kibarua anayesubiri gari asubuhi, likija anaruka, lisipokuja anarudi kukaa kivulini. Kipozamataza, hawa ndege wadogo wa rangi ya udongo wanaokimbia mbele ya gari, wanaweza kukaa miezi bila kujenga kiota, mvua ikinyesha wiki mbili majani yakatoa mbegu na wadudu wakaamka utashtukia kila kichaka kina mama mwenye mdomo umejaa panzi. Kwelea vilevile, wanakuja kama moshi wanafuata mbegu za nyasi, zikiisha wanaondoka na hakuna anayewauliza.

Mwenyeji mwingine wa kalenda hii ambaye nampenda ni keremkerem koo-jeupe. Ni kijani, ana mkia wenye manyoya mawili marefu membamba, koo jeupe na mstari mweusi shingoni kama amevaa tai. Huyu anakuja nchi kavu kuzaa, anachimba shimo kwenye mchanga, anatega nyuki na panzi wa msimu wa mvua, alafu kazi ikiisha anaenda kuishi kwenye misitu ya mvua ya katikati na magharibi mwa Afrika. Fikiria hiyo safari, kutoka nchi haina mti wa kukaa mpaka msitu ambao jua haligusi chini. Na kule msituni ana tabia moja ya ajabu, kindi wakiwa juu ya mchikichi wanamenya matunda na kutupa maganda, yeye anayadaka yale maganda yakiwa hewani kabla hayajagusa ardhi, anakula, eti ni yule yule anayejulikana kwa kula nyuki tu. Kwa hiyo Wakongo na watu wa jangwani wanamjua ndege mmoja ila kila mtu anamjua kwa kazi tofauti.

Alafu kuna wale ambao mvua haiwahusu sana kwa sababu wamejifunza kuishi na ukavu wenyewe. Mbuni wa kule sio yule wa Maasai Mara, huyu ni mbuni wa Kisomali, shingo na mapaja yake ni ya bluu-kijivu badala ya waridi, na tangu 2014 anahesabiwa kama aina yake peke yake. Kuna tandawala wanaotembea polepole kama wazee wa baraza. Lakini fundi wa wote ni firigogo, na hapa niruhusu nikae kidogo.

Firigogo ukimwona kwa mbali utasema ni njiwa aliyenona, rangi ya mchanga, miguu mifupi. Chakula chake ni mbegu kavu tupu, kwa hiyo lazima anywe maji, na maji yako mbali, na kiota chake ni kishimo tu ardhini katikati ya mawe yanayochoma. Vifaranga wanatoka kwenye yai wakiwa wanatembea na wanakula mbegu zile zile kavu tangu siku ya kwanza, ila hawawezi kuruka kwenda ziwani. Sasa watakunywa nini? Baba anaenda. Asubuhi anaruka kilomita nyingi hadi majini, anakunywa yeye, alafu anaingia kwenye maji na kujichovya tumbo, anajitingisha juu chini kama mtu anafua shuka. Manyoya ya tumbo la dume yana nyuzi ndogo zilizojikunja, zikilowa zinafunguka na kushika maji kama sponji, halafu anaruka kurudi na huo mzigo kupitia hewa ya jangwa, anafika, anasimama wima, na watoto wanakuja kunyonya tumbo lake. Mwingereza mmoja Edmund Meade-Waldo aliandika habari hii mwaka 1896 baada ya kuwaona ndege aliokuwa anafuga, na watu wengi hawakumwamini, walisema ametunga, mpaka mwaka 1967 watafiti wawili, Cade na Maclean, walipothibitisha kule Kalahari. Miaka sabini na moja ya kuitwa mwongo! Na muda wote huo wafugaji wa jangwani walikuwa wanaona firigogo wanaenda mtoni kila siku saa ile ile.

Ukitaka kuwaona usiwafuate, nenda kwenye maji ukae kimya. Kuna aina inayokuja asubuhi jua likishapanda kidogo, kuna nyingine inakuja giza likianza kuingia, unasikia mbawa tu, kwa hiyo hata ndani ya siku moja wamegawana zamu.

Haya, kalenda ya pili. Hii ndo ilinichanganya kwa sababu haina dalili yoyote angani. Asilimia 80 hadi 90 ya maji yanayoingia Turkana yanaletwa na mto mmoja, Omo, unaotoka nyanda za juu za Ethiopia. Kule mvua kubwa inanyesha Juni hadi Septemba, wakati sisi huku Turkana tuko kwenye ukavu. Kwa hiyo mafuriko yanasafiri kuteremka kuja jangwani, yanaingia ziwani kaskazini yakiwa mekundu kwa udongo, na ziwa linaanza kupanda katikati ya kiangazi. Linapanda mpaka mwezi wa kumi, wa kumi na moja hivi, alafu maji yanaanza kushuka taratibu, jua linanyonya, upepo unanyonya, mpaka linafika chini kabisa karibu mwezi wa tano na wa sita, na mduara unaanza upya.

Tofauti ya juu na chini kwa mwaka wa kawaida ni kama mita moja hivi, unaweza kusema si kitu. Lakini ufuo wa mashariki kuna sehemu ni bapa kama meza, mita moja ya kina inakuwa mamia ya mita za ufuo. Maji yakipanda yanafunika nyasi, mavi ya ng'ombe na ya punda milia, vijiti, kila kitu, vinaoza humo chini, udongo wa Omo unaongeza mbolea, mwani unakua, funza wa visubi wanazaliana kwenye tope, samaki wanaingia kwenye maji ya kina kifupi kutaga. Alafu maji yanarudi nyuma kuanzia mwisho wa mwaka, na kila siku yanaacha ukanda mpya wa tope laini ambao jana ulikuwa chini ya maji na umejaa funza. Ni kama mtu anakuvutia kitambaa cha meza polepole na chini yake kila inchi kuna chakula.

Ukishaelewa hapo utaona kwa nini Februari yangu ilikuwa vile. Nchi kavu ilikuwa imekufa, ndio, mimi na mbuzi tulikuwa tunateseka, lakini ukingo wa ziwa ulikuwa katikati ya msimu wake mnono kwa sababu ulikuwa unaishi kwa mvua iliyonyesha miezi sita nyuma nchi nyingine. Mvua na chakula vimetenganishwa, kwa mahali na kwa wakati. Na hata watu wa ziwa wanajua hilo bila kusoma popote, mvuvi anauliza habari za Omo kabla hajauliza habari za wingu.

Wanaofuata kalenda hii ya mto ni wale wa kula samaki na wale wa kutaga mchangani. Mwari, mnandi, korongo wa kila aina pamoja na yule jitu wa rangi ya kahawia anayesimama peke yake kama mlinzi wa benki. Pia kuna ndege mmoja ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu, anaruka chini sana akiwa ameuchovya ule wa chini majini kama mkasi unakata kitambaa, ukigusa samaki unafunga paap. Huyu anahitaji fukwe za mchanga zilizo wazi za kutagia, sanasana anatajwa Kisiwa cha Kati, humo humo ndani ya ziwa, na hesabu yake ni ngumu, akitaga mapema maji hayajashuka vya kutosha, akichelewa mto unapanda unabeba mayai.

Kalenda ya tatu ndo inaleta lile tope linalotembea. Kitwitwi mdogo, wataalamu wanamwita Calidris minuta, ana uzito wa gramu ishirini na kitu, yaani barua mbili za posta hivi, na anazaliwa kwenye nyika za barafu kuanzia kaskazini mwa Norway mpaka Siberia. Kule Juni na Julai jua halizami, mbu ni wengi mpaka wanatisha, na mama anaweza kutaga mayai ya mara mbili, moja akamwachia baba aatamie na nyingine akaatamia mwenyewe, kila mtu na kiota chake. Kwa sababu muda ni mfupi mno. Mwezi wa saba tu wakubwa wanaanza kuondoka, Agosti wa kwanza wanaingia Kenya, na hapa kuna jambo ambalo mimi kila nikilifikiria nanyamaza, watoto wanabaki nyuma, wanamalizia kukua, alafu wanakuja wenyewe Septemba na Oktoba, kilomita kama 7,000 au 8,000 na zaidi, bila mzazi wa kuwaonyesha njia na hawajawahi kuja. Wanafika Turkana hawajui mtu, wanatua kwenye tope, wanaanza kula.

Hawako peke yao. Wanakuja bata wa mkia uliochongoka na bata wa mdomo mpana kama koleo, wanakuja mbayuwayu, wanakuja keremkerem wa Ulaya wakipita tu kwenda kusini, korongo weupe wanazunguka juu kwenye hewa moto hadi wanapotea. Na juu ya mawe ya Sibiloi, kuanzia Septemba hadi Machi, utaona kandege kadogo ka kijivu chenye kiuno cheupe kanachuchumaa na kuinuka, wataalamu wanakaita Oenanthe oenanthe. Wengi wao wanatoka Ulaya na Asia, lakini mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya vidude vidogo vya kurekodi mwanga walivyowafunga ndege hao huko Alaska, wakakuta wanavuka Asia nzima kuja kukaa Afrika Mashariki, karibu kilomita 14,500 kwa safari moja tu. Uzito wake gramu 25. Mimi nikitoka Nairobi kwenda Marsabit nalalamika kiti.

Sasa swali lililonisumbua zaidi ni hili, wanajuaje muda wa kurudi? Kule Ulaya ni rahisi, siku zinarefuka na kufupika, ndege anaona. Lakini Koobi Fora iko nyuzi nne tu kaskazini ya ikweta, tofauti ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki hata nusu saa. Joto ni lile lile. Mvua haitabiriki. Wako kwenye tope lao Machi, chakula kipo, hakuna kitu chochote pale kinachowaambia kwamba barafu ya Siberia itayeyuka mwezi wa sita, na wakichelewa wiki mbili hawazai mwaka huo.

Jibu ni kwamba saa wamebeba ndani. Mjerumani Eberhard Gwinner alianza miaka ya 1960 kuwaweka ndege wahamiaji kwenye vyumba ambavyo mwanga na joto havibadiliki, asubuhi na jioni sawa mwaka mzima, na bado ukifika muda wao walibadilisha manyoya, walinenepa, na usiku walianza kurukaruka kwenye vizimba kama watu wamekosa basi. Mwaka baada ya mwaka. Na baadaye yeye na wenzake walichukua pia ndege mdogo mweusi na mweupe wa kifua chekundu kutoka Kenya, Saxicola, ambaye kwao hahami kabisa, wakamfungia kwenye hali hiyo hiyo isiyobadilika, na bado mwili wake uliendelea kuzunguka, msimu wa kuzaa, msimu wa manyoya, msimu wa kuzaa. Ila ule mzunguko wa ndani hauna miezi kumi na mbili kamili, mara nyingi ni pungufu, kwa hiyo ndege akiwa nje kwenye dunia ya kweli anaisahihisha saa yake kwa mwanga. Saa ya ukutani inayokimbia kidogo na kila mwaka lazima uirudishe.

Kwa hiyo kuanzia Machi ukiangalia vitwitwi wa Turkana vizuri utaona kitu. Migongo inaanza kuwa na wekundu wa kutu, manyoya ya harusi, na wanakula bila kupumzika hata saa sita ile ambayo kila kiumbe kingine kimejificha. Kutoka gramu ishirini na mbili, ishirini na tatu, wanafika thelathini na zaidi, mafuta matupu chini ya ngozi, ukimwona kwa nyuma ni mviringo. Na ufuo unawasubiria, kwa sababu ile Aprili na Mei maji yanakaribia kufika chini kabisa na tope liko wazi. Alafu jioni moja mwezi wa tano upepo ukiwa mzuri wanainuka kwa vikundi, wanalia kidogo, wanaelekea kaskazini na usiku unawachukua. Asubuhi ufuo una nafasi.

Ona basi kalenda ya pili na ya tatu zilivyokutana hapo bila kupangwa na mtu. Omo haujui kitu kuhusu Siberia. Lakini maji yanashuka kati ya Novemba na Mei, na baridi ya kaskazini iko karibu miezi hiyo hiyo, na ndege waliotokea kupita hapo walikuta meza imeandaliwa. Wakati huo kalenda ya kwanza, ya mvua ya nyumbani, inaingia katikati kama mgeni, Aprili inanyesha, kipozamataza wanaimba na kujenga viota mita mia mbili kutoka kwa vitwitwi wanaofunga mizigo. Mmoja anaanza mwaka, mwingine anaumaliza, mahali pale pale wiki ile ile. Ndo maana ukimuuliza mtu "msimu mzuri wa ndege Sibiloi ni upi" atakuzungusha, sio kwamba hajui.

Na yule aliyekataa kalenda zote ni heroe, yaani flamingo. Kwenye Kisiwa cha Kati kuna vishimo vitatu vya volkano vilivyojaa maji, kimoja kinaitwa kwa jina la mamba, kimoja la tilapia, kimoja la heroe, na kusini ya ziwa kuna ziwa dogo la magadi la Logipi. Heroe mdogo anakula mwani wa kijani-bluu ambao unataka maji ya magadi ya kiwango fulani, mvua ikizidi maji yanazimuliwa mwani unapotea, ukavu ukizidi maji yanakuwa chumvi tupu. Kwa hiyo leo wapo maelfu, mwezi ujao wameenda Bogoria, mwaka kesho wako Natron Tanzania wanazaa, na hakuna mwezi unaoweza kuandika kwenye daftari. Watu wanaenda Logipi wanakuta waridi mpaka mwisho wa macho, wenzao wanaenda mwezi ule ule mwaka unaofuata wanakuta harufu tu. Heroe sio wa kupigia hesabu, ukimkuta shukuru.

Tatizo la kuishi kwa kalenda zinazoandikwa mbali ni kwamba mtu anaweza kuibadilisha huko mbali na wewe usijue. Ethiopia walijenga bwawa la Gibe III kwenye mto Omo, ukuta wa mita 243, walianza kujaza maji 2015 na kuzindua Desemba 2016. Bwawa la umeme linataka maji yatoke sawasawa mwaka mzima ili mashine zizunguke, kwa hiyo lile furiko la Juni hadi Septemba linabanwa na yale maji ya kiangazi yanaongezwa. Jumla ya maji inaweza isibadilike sana baada ya bwawa kujaa, na hapo ndo watetezi wake wanasimamia hoja, lakini mimi naona hoja hiyo inakwepa swali, kwa sababu ndege na samaki wa Turkana hawaishi kwa jumla, wanaishi kwa kupanda na kushuka. Ukiondoa ile mita moja umeondoa kitambaa cha meza. Juu yake kuna mashamba ya miwa ya serikali yanayomwagiliwa kutoka mto huo huo. UNESCO ambao walikuwa wameiweka Sibiloi na Kisiwa cha Kati kwenye urithi wa dunia tangu 1997, na Kisiwa cha Kusini kikaongezwa 2001, mwaka 2018 wakauhamishia urithi huo kwenye orodha ya walio hatarini.

Alafu dunia ikafanya kinyume cha walivyotarajia wengi. Mvua kubwa za 2019 na 2020 zilipandisha maziwa yote ya Bonde la Ufa, Turkana nayo ikapanda ikameza mamia ya kilomita za mraba, ikaingia kwenye nyumba, ikafunika zile fukwe bapa. Watu wakasema si mlisema litakauka? Ziwa lililojaa linafurahisha macho kwenye picha, ila kitwitwi anayesimama kwa miguu ya sentimita mbili hana kazi na maji ya kina cha mita mbili, anataka ukingo, tena ukingo unaosogea. Ukingo mpya uliingia kwenye miti na mawe, na tope linachukua muda kujitengeneza. Ndege wa mdomo-mkasi nao mchanga wao ukawa chini.

Kama unataka kwenda nitakwambia ninavyofanya mimi sasa. Nikitaka wingi naenda kati ya Novemba na Machi, nikitaka uzuri naenda mwisho wa Aprili ambapo vitwitwi wamevaa nyekundu na wenyeji wanaimba, japo lazima ujue mito mikavu inaweza kukufungia njia siku mbili kwa mvua ya saa moja. Beba maji zaidi ya unavyofikiri, beba matairi mawili ya akiba, asubuhi saa kumi na mbili hadi saa tatu ndo kazi, baada ya hapo kaa kivulini hadi saa kumi jioni kwa sababu hata ndege wenyewe wanakaa midomo wazi wanahema. Kaeni mbali na ukingo mnapotafuta picha, mamba wa Turkana sio hadithi.

Na ukijikuta uko huko Juni au Julai kama mimi nilivyojikuta, usirudi nyumbani kwa hasira, tembeza darubini polepole kwenye ule ufuo mtupu. Mara nyingi kuna vitwitwi wachache waliobaki, kumi hapa, sita pale, hawajavaa wekundu, hawajanenepa, wa kijivu tu. Wengi ni wale wa mwaka wa kwanza, waliokuja wenyewe Oktoba iliyopita bila mzazi. Saa yao ya ndani mwaka huo wa kwanza haijawasukuma kiasi cha kuondoka, wanakaa jangwani msimu mzima, wanaona maji ya Omo yakipanda hadi kwenye miguu yao, wanasogea hatua moja nyuma, wanaendelea kudonoa. Yule renja nilipomwonyesha alitazama kwa darubini kwa muda, akasema hao anawajua, kila mwaka wanabaki wachache, na Agosti wenzao wakitua huwa wanachanganyikana nao siku hiyo hiyo na huwezi tena kuwatofautisha.